Uzi wa karama za rohoni bila kijicho: zamu, kurithisha huduma, bahasha na tatizo la wapambe

#1 MzeeWaUsharika

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mada hii inajitokeza vipande vipande kwenye nyuzi za kwaya na za maombezi, bora ipate uzi wake. Naomba tuongee kiutendaji. Mahubiri ya "acheni wivu" tunayo ya kutosha. Tunachokosa ni namna ya kupanga huduma ili mwenye karama asiikalie, na asiye nayo asimwonee kijicho aliyepewa.

Naanza na maandiko kidogo. Sura ya 13 ya 1 Wakorintho tumeigeuza ya harusini. Paulo aliiandika akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50 BK, kwa ushirika uliokuwa unagombania karama. Ameiweka makusudi kati ya sura ya 12 (viungo vingi, mwili mmoja) na sura ya 14 (utaratibu wa ibada). "Upendo hauhusudu" waliambiwa waimbaji, wanenaji na manabii kabla ya bwana harusi yeyote.

Sasa angalieni jambo moja. 12:31 anasema "takeni sana karama zilizo kuu". Mistari minne mbele, 13:4, "upendo hauhusudu". Kiswahili kimetupa maneno mawili, ila Kigiriki kina kitenzi kilekile pande zote mbili, *zeloo*. Moto ni huohuo: mara ya kwanza unaamriwa, mara ya pili unakatazwa. Tofauti ni unaelekea wapi. Ukiilekea karama, huo ni wivu wa maendeleo, na Biblia imeuruhusu. Ukimwelekea mwenye karama, hicho ni kijicho.

Kipimo cha haraka: mwenzako akipoteza sauti yake leo, na wewe hukuongezewa chochote, utajisikia nafuu? Ukiona nafuu, tayari umeshavuka mstari.

Karibuni mchango, kila mtu kwa eneo analolijua.

#2 DadaWaAlto

Asante mzee. Swali langu: mbona karama zinazohesabiwa ni zile za kipaza sauti tu? Mwenye kupanga viti na mwenye kutembelea wagonjwa anaambiwa "anasaidia", mwenye kutabiri anaambiwa "ana karama". Hapo hata malaika angeona kijicho.

#3 Mwl_wa_Neno

Dada Alto umeshika mzizi. Agano Jipya lina orodha kadhaa na hakuna mbili zinazofanana. 1 Kor 12:8-10 ina karama tisa. Mlango huohuo mstari wa 28 zinatajwa nane, na humo "masaidiano" na "maongozi" yamekaa kati ya kuponya na lugha. Warumi 12:6-8 ni saba: unabii, huduma, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia, kurehemu. Petro (1 Pet 4:10-11) hakutaka mlolongo mrefu, akagawa mafungu mawili tu, wanaonena na wanaohudumu, wote akiwaita mawakili. Wakili hana mali, ameshikishwa ya mwenyewe.

Kwa kuwa orodha hazifanani, hakuna iliyokusudiwa kuwa kamili, na hakuna anayeweza kusema "yako haimo".

Kazi ya vitendo, inamalizika kwa Jumamosi moja. Chukueni karatasi kubwa, mchore safu nne: kazi inayofanyika kanisani, anayeifanya sasa, anayejifunza, na tangu lini. Andikeni kila kitu kuanzia anayefungua mlango saa 12 asubuhi hadi anayefuatilia waliokosa ibada. Msianze na majina ya karama, anzeni na kazi. Ukianza kwa kuuliza "una karama gani?", watu 20 watasema maombi na uimbaji, na hakuna atakayesema kusimamia. Karama hutambuliwa kwa matunda ya kazi, na wengine huiona kabla ya mwenyewe.

Safu ya tatu ikiwa tupu mbele ya kazi fulani, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Jina moja likijirudia mara tano safu ya pili, napo ni hapohapo.

#4 KinandaChaNyuma

Upande wa muziki ni mkavu zaidi kuliko mnavyodhani. Karama inafichwa kwa njia tatu ambazo hazionekani.

Ya kwanza: nyimbo hazina maandishi. Mwalimu wa kwaya anazo kichwani. Akisafiri, kwaya inaimba zilezile mbili. Dawa yake ni daftari la kwaya: kila wimbo nota zake za do-re-mi kwa sauti zote nne, ufunguo (Doh ni F, Doh ni G n.k.), mapigo, na nani anaanzisha. Daftari likae kabatini kanisani, lisikae nyumbani kwa mwalimu.

Ya pili: kitufe cha kuhamisha ufunguo. Fundi wa kinanda anapiga kila kitu kwenye C na kuhamisha kwa kitufe, mwanafunzi anakaa pembeni miezi sita hajui kinachoendelea. Akipewa kinanda kisicho na mipangilio ileile anaaibika, watu wanasema "huyu hajapakwa". Hakuna upako hapo, ni kwamba hakufundishwa. Mfundishe funguo nne kwanza, C, F, G na D, zinatosha kuanza kushika tenzi nyingi.

Ya tatu: mwanafunzi anapewa nafasi siku mbovu tu. Mwanafunzi anawekwa ibada ya katikati ya wiki yenye watu wanane, sikukuu ya mavuno anaondolewa. Akikosea hakuna aliyemsikia, akipatia vilevile.

Mwendo unaofaa kwa miezi mitatu: wiki 1 hadi 4 apige mazoezini tu. Wiki 5 hadi 8 apige wimbo mmoja wa ibada, ule wa sadaka, kwa sababu watu wanatembea na makosa madogo yanamezwa. Wiki 9 hadi 12 apige ibada nzima mara mbili, na mwalimu wake AKAE KWENYE BENCHI na waumini, asisimame nyuma ya kinanda akimnong'oneza vya kupiga.

Waimbishaji wa kuanzisha wawe wawili kwa kila wimbo, wanabadilishana. Wimbo wenye mwenyewe mmoja huzaa maneno.

#5 Mwombezi_Jirani

Amen mtumishi #4. Kwa maombezi, ugomvi unaanzia kwenye foleni. Mtumishi mmoja ana watu 30, watatu waliosimama pembeni yake hawana mtu, na kila mmoja anaona.

Msiache watu wachague. Pangeni jozi, tuseme nne, kila jozi watu wawili, na mhitaji wa kike ahudumiwe na jozi yenye mwanamke. Shemasi mmoja anasimama mbele ya foleni na kumpeleka anayefuata kwenye jozi iliyo huru. Dakika tano hadi saba kwa mtu. Jozi zibadilishwe kila mwezi ili isije kuwepo "jozi yenye nguvu". Yakobo 5:14 anasema mgonjwa awaite *wazee wa kanisa*, wengi, hakusema mzee fulani. Na pale 1 Kor 12:9 Kigiriki kinasema "karama za maponyo", wingi juu ya wingi, kwa hiyo hakuna aliyekabidhiwa duka zima.

Ushuhuda nao una kanuni. Anayeshuhudia aseme alikuwa na nini, nini kimetokea, na kama amerudi hospitali kupima. Asitaje aliyemwombea. Hiki kipengele kimoja kinapunguza nusu ya manung'uniko. Na dawa asiache mpaka daktari aseme. Karama ya kuponya haijawahi kuhitaji mtu atupe vidonge.

#6 MotoUsiozimika

Wapendwa samahani, mnamfunga Roho kwa ratiba. Upako hauna zamu. Mungu akimtumia mtu mmoja kwa nguvu, mnataka apunguzwe kwa sababu wengine wanaumia? Huo ndio wivu wenyewe, umevaa suti ya utaratibu.

#7 Mwl_wa_Neno

Kaka Moto, hoja yako ina uzito, nisiipite. Ni kweli kuna ratiba zinazotengenezwa ili kumkata mtu mabawa. Zinatambulika kirahisi: zinaanza mwezi uleule ambao mtu mmoja amechanua, na zinamgusa yeye tu.

Lakini neno "zamu" silo letu. 1 Kor 14:27: wanenaji kwa lugha wawili au watatu si zaidi, *zamu kwa zamu*, na mmoja afasiri. Mstari wa 29, manabii wawili au watatu, na wengine wapambanue. Wa 30 ndio mgumu: mwingine aliyeketi akifunuliwa neno, yule wa kwanza anyamaze. Yaani aliye katikati ya unabii anaambiwa akae, mwenzake aseme. Na wa 32 unaifunga ile hoja ya "Roho amenishika siwezi kujizuia": roho za manabii huwatii manabii.

Anayesema hawezi kusubiri zamu hatuna haja ya kuuliza kiwango cha upako wake, Paulo ameshajibu.

#8 MzeeWaUsharika

Niongeze hapo. Soma Hesabu 11. Musa analemewa, wazee 70 wanapewa sehemu ya Roho iliyokuwa juu yake, na wawili, Eldadi na Medadi, hawakufika hemani lakini wakatabiri kambini. Nani aliyekasirika? Siyo Musa. Ni Yoshua, msaidizi wake: bwana wangu, wakataze! Musa anamuuliza kama ana wivu *kwa ajili yake*, kisha anatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii.

Yohana 3 ni vilevile. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji ndio wanaoleta taarifa kwamba yule aliyekuwa naye ng'ambo ya Yordani anabatiza na watu wote wanamwendea. Yohana mwenyewe anajibu, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua."

Na Korintho: "mimi ni wa Paulo", "mimi ni wa Apolo". Wenyewe wawili hawakuwa na shida. Watu hawaisomi 1 Kor 16:12, ambapo Paulo anasema alimsihi SANA Apolo aende Korintho. Anamsihi anayedhaniwa mshindani wake aende kwenye kanisa alilolipanda yeye, kwa watu walewale wanaowashindanisha! Apolo ndiye aliyekataa kwa wakati ule.

Kwa hiyo mara nyingi tunamshughulikia mtu asiye mgonjwa. Ugonjwa uko kwa wapambe, yaani wabeba Biblia, wapiga picha za mtandaoni, na kundi la akina fulani linalosema "baba yetu wa kiroho amedharauliwa". Mpambe hana karama ya kupoteza, ana nafasi ya kupoteza. Mtumishi wake akipungua, naye anarudi benchi la nyuma.

Kinachosaidia: mtumishi mwenyewe amjibu mpambe hadharani, mara ya kwanza tu linaposemwa, na kwa sentensi fupi. "Mimi nafurahi anavyotumika, msiniletee tena hilo." Akicheka au kunyamaza, amekubali.

#9 DadaWaAlto

Wapambe!! Mzee hapo umetumaliza wote.

#10 Katekista_Kigangoni

Tumsifu Yesu Kristo. Nitoe ya upande wetu Wakatoliki. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliutaja wivu kama mama mwenye mabinti watano: chuki, umbea wa chinichini, masengenyo ya wazi, kufurahia jirani anapopatwa na mabaya, na kuhuzunika anapofanikiwa. Baadaye Tomaso wa Akwino aliwachambua mmoja mmoja na kuonyesha kwamba wana mwendo: mwanzo mtu hujaribu kumshusha mwenzake kwa siri au kwa wazi, katikati, akifaulu anafurahi, akishindwa anahuzunika, mwisho ni chuki.

Huu mwendo ni chombo kizuri cha kujichunguza kwa sababu unakuambia uko kituo kipi. Mtu hawezi kukiri "nina husuda", neno ni zito. Ila anaweza kukiri "juzi nilimwambia fulani kwamba mahubiri ya yule ameyatoa mtandaoni". Huyo ni binti wa pili. Ukimkamata mapema, yule wa chuki hazaliwi.

Kwenye jumuiya ndogondogo tunayo faida moja: ibada inahama nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba wanapewa nafasi ya kuongoza au kusoma. Inaharibika pale mwenyekiti anapohama na uongozi wake kila nyumba. Kiongozi aanze na ishara ya msalaba na amalize na matangazo, katikati awaachie: msomaji mmoja, wa kuanzisha wimbo mmoja, wa maombi watatu. Asiyejua kusoma vizuri apewe somo siku tatu kabla, asikabidhiwe papo hapo akaaibika.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, namba 12, unasema hukumu juu ya ukweli wa karama ni ya wanaosimamia Kanisa, nao wana wajibu wa kutomzimisha Roho. Wengi wananukuu nusu ya kwanza.

#11 Mhazina_Mstaafu

Mnazunguka, fedha hamjaigusa. Karama inayolipa ndiyo inayoonewa kijicho, mwenye kurehemu hajawahi kuonewa.

Mfano wa hesabu. Kwaya imealikwa, imepewa bahasha ya 60,000. Waimbaji 12. Kiongozi anachukua 20,000, wanane wanapewa 5,000, watatu "watapata safari ijayo". Fundi mitambo aliyebeba spika tangu alfajiri hayumo hata kwenye orodha. Gawanyeni hivi: nauli halisi ya kila aliyekuja, akiwemo fundi na dereva, inatoka kwanza. Kinachobaki kinaingia mfuko wa kwaya. Hakuna posho ya sauti.

Bahasha ya mhubiri mgeni ifunguliwe na watu wawili, iandikwe, mwenyewe asaini. Wenyeji wanaohubiri kwa zamu wasipewe bahasha za mkononi. Anayetaka kumshukuru mtumishi apitishe kwa mhazina kwa jina lake. Mtu akikataa huo utaratibu, msimtuhumu, ila msimweke tena kwenye ratiba mpaka akubali.

Na kanuni ya kale ipo: Simoni wa Samaria (Mdo 8) alitaka kuinunua karama kwa fedha. Sisi tunamlaani, halafu tunaigeuza kuwa duka.

#12 MotoUsiozimika

Nimekubali kuhusu zamu, 14:30 sikuwa nimeiona hivyo. Lakini hili mjibu: mtu akikosoa unabii wa uongo anaambiwa "una wivu na mtumishi wa Mungu". Neno hili limekuwa rungu. Afanyeje?

#13 Mwl_wa_Neno

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Kupambanua ni amri. 1 Wathesalonike 5:19-21: msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Vyote vitatu kwa pumzi moja. Anayekuzuia kujaribu amevunja cha tatu, na anayekataa kabla ya kujaribu amevunja cha pili.

Ukosoaji safi una umbo lake. Unataja tendo na tarehe, hautaji mtu alivyo: "Jumapili ya tarehe fulani ilisemwa mvua itanyesha ndani ya siku saba, haikunyesha". Unapelekwa kwake kwanza (Mt 18:15), kisha na mashahidi, halafu wazee. Na mkosoaji hagombei nafasi ile. Kama wewe ndiye utakayerithi kipaza sauti akiondolewa, mwachie mwingine aipeleke hoja, hata kama hoja ni ya kweli.

Wazee wawe na daftari la unabii: tarehe, maneno kama yalivyosemwa, waliopambanua (watatu wanatosha), na matokeo. Unabii wa kumtaja mtu kuhusu ndoa, uchawi wa ndugu au kifo usisemwe hadharani kabla haujapita kwa hao watatu. Pasipo daftari kila mtu anakumbuka yake, na hapo ndipo lile rungu hupata nguvu.

#14 Mwombezi_Jirani

Tuongee pia kuhusu kukiri. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika Gahini Rwanda miaka ya 1930 baada ya daktari Joe Church kukutana na Simeoni Nsibambi Kampala mwaka 1929, ulikuwa na desturi ya "kutembea nuruni", kwa 1 Yoh 1:7. Walokole walikiri mbele ya wenzao, Mwafrika kwa mzungu na mzungu kwa Mwafrika, pamoja na dhambi za moyoni kama kijicho. Ilivunja kuta nyingi.

Ila inahitaji akili. Kosa la kawaida ni kumwendea mtu asiyejua lolote na kumwambia "nisamehe, nimekuchukia miaka miwili kwa sababu ya sauti yako". Umejitua mzigo, umemtwika yeye. Kama kijicho kiliishia moyoni, kiri kwa Mungu na kwa mtu mmoja mzima wa kiroho, basi. Kama kiliwahi kutoka nje, yaani ulimsema, ulimfuta kwenye ratiba, ulificha ujumbe wa mwaliko wake, hapo nenda kwake na utaje tendo: "Mwaliko wako wa Pasaka niliupata mimi, sikukuambia. Nilikosea." Usimalize na "lakini". Kisha nenda kwa wale uliowaambia, uyarudishe maneno yako.

Ukimwombea kwa jina, omba karama yake iongezeke. Kuomba "Bwana mnyenyekeze" ni kijicho kilichopiga magoti.

#15 KinandaChaNyuma

😂 hiyo ya mwisho inakata pande mbili kama kisu.

#16 MzeeWaUsharika

Kimebaki kurithisha. Mfano wangu ni Bezaleli, fundi wa hema la kukutania. Kutoka 35:34 inasema Mungu alimtia moyoni *kufundisha*, yeye na Oholiabu. Kufundisha kulikuja ndani ya kifurushi cha ufundi, hakukuwa nyongeza ya hiari. Matokeo yako 36:5-7: kazi ilipata vitu vya kutosha na kuzidi, Musa akatangaza watu waache kuleta.

Barnaba naye. Alimfuata Sauli (ndiye Paulo) Tarso (Mdo 11:25), akamleta Antiokia, na mwanzo inasomeka "Barnaba na Sauli". Kuanzia 13:13 majina yanaanza kugeuka, Paulo mbele. Luka haandiki kwamba Barnaba alilalamika. Walikuja kugombana kweli, sura ya 15, lakini ni juu ya Yohana Marko. Barnaba alikuwa anamtafutia nafasi mtu mwingine tena.

Mwanafunzi akikuzidi kuna hatua mbili ambazo watu wanakosea. Moja: mwalimu anaacha ghafla, anasema "basi nawaachia vijana". Hicho ni kisirani, kanisa lote linaelewa. Apunguze zamu kutoka nne kwa mwezi hadi mbili, halafu moja, ndani ya nusu mwaka. Pili: mwanafunzi anasahau kutaja alikotoka. Akila na Prisila walimchukua Apolo pembeni wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi (Mdo 18:26). Walimrekebisha pembeni, si mbele ya sinagogi, na Apolo, msomi kutoka Iskanderia, alikubali kufundishwa na washona hema. Anayekosolewa pembeni ana nafasi ya kukubali.

#17 DadaWaAlto

Mzee, ratiba ikishabandikwa ukutani, nani anaruhusiwa kubadilisha jina? Kwetu huku bara kalamu iko wazi kwa kila mtu.

#18 Mhazina_Mstaafu

Katibu peke yake, kwa wino, na aandike tarehe na sababu pembeni. Kila zamu iwe na jina la mbadala tangu mwanzo, ili asiyefika asitafutiwe mtu asubuhi ileile kwa simu. Na nakala moja ipigwe picha siku ya kubandikwa.